Chombo na Kilichomo: Historia ya Wiski Iliyokomazwa katika Mapipa ya Divai Nyekundu

Kinywaji hakikai katika chombo bila ya kuchukua kitu kutoka kwa mwenyeji wake. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki na wa Omani hawahitaji ushahidi wa mbali juu ya jambo hili, kwani tangu zamani mtungi hufukizwa ubani kabla ya kutiwa maji ya kunywa. Maji hubaki maji, lakini mwenye kuyanywa hupata harufu ya moshi uliotangulia. Huko Uskoti, kaskazini ya Uingereza, tabia hiyo hiyo ya vyombo ilizaa biashara kubwa, sheria nyingi na mabishano yasiyokwisha. Pombe kali ya shayiri iitwayo wiski hulazwa katika mapipa ya mwaloni ambayo kwanza yalibeba vinywaji vya nchi nyingine, na miongoni mwa mapipa hayo yamo yaliyobeba divai nyekundu. Kueleza kileo si kukihimiza. Wako ambao dini yao imewakataza, na wako waliojikataza wenyewe. Lakini hakuna katazo juu ya kujua jinsi kodi, mikataba ya wafalme na uhaba wa mbao vilivyoweza kuacha alama katika ulimi wa mwanadamu.

Yafaa kwanza kujua ni kitu gani kinachotiwa katika pipa. Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja hutengenezwa kwa shayiri iliyoroweshwa mpaka ikachipua, ikakaushwa na kusagwa, kisha ikatiwa maji ya moto ili utamu wake utoke. Maji hayo matamu hutiwa hamira, yakachacha kwa siku chache na kuwa pombe dhaifu iliyo jamaa ya bia. Pombe hiyo huchemshwa, aghalabu mara mbili, katika vyungu vikubwa vya shaba. Mvuke wake hupozwa, na matone yake hukusanywa. Kinachopatikana ni cheupe kama maji ya kisima, nacho ni kikali sana, kwa kuwa kileo chake hukaribia asilimia 70. Rangi ya dhahabu, harufu ya vanila na upole wa kooni ambavyo watu huvitaja wakitaja wiski havimo bado. Hivyo vyote, au sehemu kubwa yake, hutoka katika mti.

Hata hivyo, mti haukuwamo katika hesabu ya watu wa kwanza. Katika daftari za hazina ya mfalme wa Uskoti za mwaka 1494 imeandikwa kwamba mtawa John Cor alipewa vipimo 8 vya kimea ili atengeneze maji ya uhai kwa amri ya Mfalme James IV. Jina hilo la Kilatini, lilipogeuzwa katika lugha ya Kigaeli, likawa uisge beatha, na kutokana na neno hilo likapatikana jina la wiski. Maji hayo ya uhai yalinywewa machanga. Yalikuwa dawa na yalikuwa starehe, na ukali wake ulitulizwa kwa asali, majani na viungo. Pipa, kama lilikuwapo, lilikuwa chombo cha kuhifadhia tu; halikuhesabiwa kuwa na kazi nyingine, sawa na gunia lisivyohesabiwa kuwa sehemu ya mchele.

Lakini mapipa yalikuwapo Uskoti kwa wingi, na yaliletwa na divai. Mwaka 1295 Uskoti na Ufaransa zilifunga mapatano ya kusaidiana dhidi ya Uingereza, na urafiki huo ulidumu kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Vita viliwaunganisha wakuu. Divai iliwaunganisha wafanyabiashara. Divai nyekundu ya Bordeaux ilivuka bahari na kushushwa katika bandari ya Leith, iliyo mlangoni mwa mji wa Edinburgh, ikanywewa katika nyumba za mabwana na katika vilabu vya mjini. Ilisafiri katika mapipa ya mwaloni. Pipa la Bordeaux, ambalo kwa desturi huchukua lita 225, lilikuwa gharama kubwa kwa mwenye kulitengeneza, kwa kuwa mbao zake hupasuliwa kwa kufuata nyuzi za mti, zikaanikwa kwa miaka, zikapindwa kwa moto, zikabanwa kwa pete, bila gundi wala msumari wa kuziunganisha ubavu kwa ubavu. Chombo cha namna hiyo hakitupwi kwa sababu divai yake imekwisha. Hutafutiwa mgeni mwingine.

Siasa haikuiacha njia hiyo wazi. Mwaka 1703 Uingereza ilifanya mkataba na Ureno, ambao uliahidi kwamba ushuru wa divai ya Ureno hautazidi theluthi mbili za ushuru wa divai ya Ufaransa. Uskoti ilipounganishwa na Uingereza mwaka 1707, ikaingia katika sheria hiyo. Divai ya Bordeaux ikawa ghali, na divai za Ureno na Hispania zikaongezeka mezani. Basi hata aina ya mapipa matupu yaliyozagaa katika bandari za Uskoti iliandikwa na mabalozi waliokuwa wakifikiria vita na nguo za sufu, wala hawakuwa wakifikiria wiski hata kidogo.

Wakati huo huo wiski yenyewe ilikuwa ikipigana na ushuru. Bunge la Uskoti liliitoza kodi mara ya kwanza mwaka 1644. Mwaka 1725 kodi ya kimea iliamsha ghasia katika mji wa Glasgow. Kila kodi ilipopanda, mitambo ya siri iliongezeka milimani, na mfanya magendo hana wasaa wa kuweka mali yake miaka kumi gizani huku askari wa ushuru wakiitafuta. Lililofichwa huuzwa upesi. Kwa sababu hiyo wiski iliyokaa sana katika mti ilikuwa anasa ya wenye nafasi. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, alitaka wiski ya bonde la Glenlivet, ambayo ilikuwa ya magendo. Bibi Elizabeth Grant wa Rothiemurchus alisimulia baadaye katika kumbukumbu zake jinsi alivyotoa katika ghala la baba yake wiski iliyokaa muda mrefu katika mti, ikawa laini, nayo ikapelekwa kwa mfalme. Katika habari hiyo yaonekana kwamba waliojaliwa kusubiri walikwisha kujua siri ya pipa kabla ya sheria kuijua.

Mwaka uliofuata, 1823, sheria mpya ilipunguza ushuru na kumwezesha mkenekaji mwenye leseni kupata faida. George Smith wa Glenlivet alichukua leseni mwaka 1824, na wengi wakamfuata. Wiski ilitoka mafichoni ikaingia ghalani. Kisha ukaja mwaka 1860, ambao ni mwaka mkubwa katika habari hii. Katika mwaka huo Richard Cobden na Michel Chevalier walifanikisha mkataba wa biashara baina ya Uingereza na Ufaransa, na Waziri wa Fedha, William Gladstone, akashusha ushuru wa divai. Katika mwaka huo huo sheria nyingine iliruhusu wiski ya kimea ichanganywe na wiski ya nafaka nyingine ndani ya maghala ya forodha kabla ya kulipiwa ushuru. Mlango mmoja ulileta mapipa. Mlango wa pili ulileta wafanyabiashara waliohitaji mapipa. Wakatumia lolote lililopatikana: la sheri kutoka Jerez, la Porto, la Madeira, la ramu kutoka visiwa vya Karibi, na la divai nyekundu. Hawakuwa wakitafuta ladha. Walikuwa wakikimbia gharama ya pipa jipya.

Haukupita muda, msiba wa Ufaransa ukawa faida ya Uskoti. Tangu miaka ya 1860 mdudu mdogo aliyetoka Amerika, aitwaye filoksera, aliingia katika mizizi ya mizabibu ya Ufaransa na kuiangamiza mashamba kwa mashamba. Brandi ikaadimika katika meza za Uingereza, na wiski ikakalia kiti chake. Kadiri wanywaji walivyoongezeka, ndivyo hoja ya ubora ilivyozidi kuulizwa. Tume ya kifalme ilikaa mwaka 1908 na 1909 kuamua wiski ni kitu gani. Ikatoa jibu pana, wala haikulazimisha umri wowote. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyolazimisha. Mwaka 1915 serikali, kwa kutaka kupunguza ulevi wa wafanyakazi wa viwanda vya silaha, ilitunga sheria ya kuzuia pombe changa: miaka miwili katika ghala, ambayo baada ya muda mfupi ikawa mitatu. Nia ilikuwa kupunguza pombe. Tokeo likawa kuiboresha. Muda wa pipa, uliokuwa bahati ya matajiri, ukawa haki ya kila mnunuzi.

Karne ya 20 ilibadili tena mapipa yenyewe. Baada ya Marekani kuondoa marufuku ya pombe mwaka 1933, kanuni za nchi hiyo zilitaka wiski ya bourbon ikomazwe katika pipa jipya lililounguzwa ndani. Pipa lililotumika mara moja likawa halina kazi kwa mwenyewe, likauzwa rahisi, na Uskoti ikalinunua kwa maelfu. Huko Hispania, katika miaka ya 1980, sheri iliacha kusafirishwa kwa mapipa ikawa hutiwa chupani nchini mwake. Pipa la sheri, lililokuwa takataka ya bandarini, likawa kitu cha kuagizwa na kulipiwa fedha nyingi. Hapo ndipo macho ya wakenekaji yalipoirudia divai nyekundu. Nyumba za divai za Ufaransa na nchi nyingine hubadilisha mapipa yao baada ya mavuno machache, kwa kuwa mti uliochoka hauipi divai nguvu wanayoitaka. Kilichochoka kwa divai hakijachoka kwa wiski, ambayo ni kali zaidi na huweza kunyonya kilichobaki ndani ya mti.

Mtindo ulioenea wakati huo uliitwa kumalizia. Wiski hukaa miaka mingi katika pipa la bourbon, kisha huhamishwa kwa miezi au miaka michache katika pipa la divai. David Stewart wa kiwanda cha Balvenie aliufanyia kazi mapema katika miaka ya 1980, na kinywaji chake cha mapipa mawili kilitolewa mwaka 1993. Glenmorangie ilitoa iliyomaliziwa katika mapipa ya Porto katikati ya miaka ya 1990. Kiwanda cha Bruichladdich, katika kisiwa cha Islay, kilipofunguliwa upya mwaka 2001 chini ya Jim McEwan, kilikwenda mbali zaidi, kikalaza wiski katika mapipa ya divai nyekundu ya namna nyingi. Ile iliyokuwa njia ya kubana matumizi ikawa ustadi, na ustadi ukawa tangazo katika karatasi ya chupa.

Mwonjaji aliyewekewa bilauri ya wiski ya namna hii ana hati mbele yake, ikiwa ajua kuisoma. Huanza kwa jicho. Kiasi kidogo, kama vijiko viwili vya chakula, katika bilauri iliyopanuka chini na kubana juu, huonyesha rangi ya shaba iliyotiwa wekundu, na mara nyingine waridi. Wekundu huo ni wa maganda ya zabibu, uliojificha ndani ya ubao. Kwa miaka mingi hupungua ukaelekea kahawia. Kisha huja pua, nayo haifai kuzamishwa ghafula, kwa maana kileo huichoma na kuipumbaza. Ikikaribishwa polepole hupata kwanza shayiri, kama uji au mkate. Kisha vanila na nazi, ambavyo ni sauti ya mwaloni. Kisha matunda mekundu yaliyoiva, zabibu kavu, na kitu kama zambarau zilizoanikwa.

Ulimi ndio hakimu wa mwisho. Utamu hutangulia, viungo hufuata, na nyuma yake huja ukakasi unaokausha mashavu. Aliyekula zambarau au bibo la korosho aujua ukakasi huo, na aliyekunywa chai iliyochemshwa mno aujua pia. Ni kazi ya tanini, ambayo imo katika mwaloni na imo katika divai nyekundu, hivyo pipa la divai huileta kwa mikono miwili. Matone machache ya maji huufungua mlango wa harufu na kupunguza moto. Ukakasi wa kiasi huipa wiski mifupa. Ukizidi, huwa kama mgeni aliyetakiwa kuonja chakula akahodhi sinia. Mara nyingine hutokea harufu ya kiberiti, kwa sababu mapipa matupu ya divai hufukizwa kwa kiberiti yasichachuke. Huko nako ni kufukiza. Ila mwenye mtungi hufukiza akitaka harufu ibaki, na mwenye pipa hufukiza akitumaini kwamba itaondoka.

Kutokana na ladha hizi hutoka swali ambalo sheria imehangaika nalo: je, pipa ni chombo, au ni kiungo? Sheria ya 1988 na amri yake ya 1990, kisha kanuni za 2009, zinataka wiski ya Uskoti ikomazwe nchini humo katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Haziruhusu kutiwa kitu chochote ila maji na rangi ya sukari iliyounguzwa. Mtu akimimina kikombe cha divai katika wiski, amevunja sheria, na hawezi kuiuza kwa jina hilo. Lakini mbao za pipa zaweza kuwa zimefyonza lita kadhaa za divai, na sehemu yake hutoka taratibu ikaingia katika wiski bila ya kosa. Zamani mpaka huo ulipindwa zaidi: mapipa yaliyochoka yalitiwa shira nene ya divai iitwayo paxarette, ikasukumwa katika mbao kwa nguvu ya hewa, mpaka desturi hiyo ikakomeshwa mwishoni mwa karne ya 20.

Mwaka 2005 kampuni ya Compass Box iliweka ubao mpya wa mwaloni wa Kifaransa ndani ya mapipa yake ya kawaida. Haukuwamo utamu wala rangi ya kigeni, ni mwaloni juu ya mwaloni. Lakini chama cha wenye wiski ya Uskoti kilipinga kwa hoja ya desturi, na mwaka 2006 kinywaji kikaondolewa. Kilirudi mwaka 2009 baada ya ubao huo kuhamishiwa katika vifuniko vya pipa. Mwaka 2019 maelezo ya kanuni yalitengenezwa upya, yakaruhusu mapipa ya divai, bia na pombe kali za aina nyingi, huku yakiyakataa yaliyobeba vinywaji vilivyoongezwa matunda au utamu baada ya kuchacha. Yaonekana sheria haipimi ladha. Hupima njia ambayo ladha ilipita.

Wakati Uskoti ikibishana juu ya desturi, nchi isiyokuwa na desturi hiyo ilitoa somo. Taiwan ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002, ukiritimba wa serikali juu ya pombe ulikwisha, na kampuni binafsi zikaweza kukeneka. Kiwanda cha Kavalan katika wilaya ya Yilan kilianza kutoa pombe yake mwaka 2006, kikishauriwa na Jim Swan, mtaalamu wa Uskoti aliyefariki mwaka 2017. Swan alitumia mapipa ya divai yaliyotumika; akayakwangua ndani kuondoa tabaka iliyochachuka, akayaoka kwa moto wa taratibu, kisha akayaunguza upya. Moto uligeuza mabaki ya divai ndani ya mti yakawa na utamu wa sukari iliyoungua, na mti uliofunguka ukatoa vanila yake. Joto la Taiwan likaharakisha kazi. Huko Uskoti kiasi cha asilimia 2 ya kila pipa hupotea hewani kila mwaka. Taiwan hupotea mara kadhaa zaidi, na miaka michache hufanya kazi ya mingi. Mwaka 2015 wiski ya Kavalan ya mapipa ya divai ilichaguliwa katika shindano la World Whiskies Awards kuwa bora ya kimea ya kiwanda kimoja duniani. Hukumu hiyo haikuiondolea Uskoti heshima yake. Lakini iliiondolea umri heshima ya kusemwa peke yake.

Historia hii, basi, haithibitishi kwamba pipa la divai ni hila, wala haithibitishi kwamba ni asili safi. Yathibitisha kwamba asili yenyewe ilitengenezwa na watu waliotumia walichokuwa nacho. Pipa la Bordeaux liliingia Uskoti kwa urafiki wa wafalme, likapungua kwa mkataba wa 1703, likarudi kwa ule wa 1860, na likatafutwa upya pale Jerez ilipoacha kusafirisha vyake. Katika safari hiyo yote haki ya pipa ilikuwa moja: kubadili kilichomo bila ya kukimeza. Kwa hiyo mwonjaji wa haki hatosheki na kusema kwamba wiski ina ladha ya divai, kwani mwenye kutaka divai angekunywa divai. Huitafuta shayiri nyuma ya zabibu. Akiikuta, chombo kimefanya kazi yake. Asipoikuta, kilichouzwa katika chupa ni sifa ya pipa tu, hata kama sheria yote imetimizwa.